Mama Amepotea Stesheni, na Tangazo Lake Watoto Hawajui Kuliandika

Watoto wamekutana nyumbani kwa kaka yao mkubwa. Wiki imepita tangu mama yao apotee, na kazi iliyo mbele yao ni kuandika tangazo la kumtafuta: jina, umri, umbo, nguo alizovaa, picha, namba ya kupiga. Mtu angedhani ni kazi ya dakika kumi. Inawashinda. Binti mkubwa ndiye anayepewa kalamu kwa kuwa ni mwandishi wa riwaya, lakini akifika kwenye mwaka wa kuzaliwa tu, baba yao anamkatiza. Karatasi za serikali zinasema 1938. Mama alizaliwa 1936. Zama zile watoto wachanga walikufa sana, kwa hiyo wazazi walingoja kwanza waone kama mtoto atakaa, ndipo wakamwandikisha. Binti ni mtu mzima, ana vitabu vyake madukani, na umri wa mama yake anaujua leo.

Wanaingia kwenye picha, nako hali ni ile ile. Mama alikuwa na tabia ya kujiondoa pembeni kila familia ilipojipanga kupigwa picha. Wanabishana kuhusu zawadi ya atakayemwona, iwe kiasi gani. Wanabishana kuhusu maneno. Halafu lawama zinaanza: nani alitakiwa kwenda kuwapokea wazazi siku ile? Kwa kawaida mmoja wao alikwenda na gari. Safari hii kila mtu alikuwa na lake, na wazee wakasema watapanda treni ya chini ya ardhi wenyewe.

Hivyo ndivyo inavyoanza *Please Look After Mom*, riwaya ya mwandishi wa Korea Kusini, Shin Kyung-sook, iliyotoka kwao mwaka 2008. Mimi niliisoma katika tafsiri ya Kiingereza ya Chi-Young Kim, ya mwaka 2011. Ni kitabu kilichouzwa nakala zaidi ya milioni moja Korea, na mwaka 2012 kikampatia mwandishi wake tuzo ya fasihi ya Asia iliyoitwa Man Asian, naye akawa mwanamke wa kwanza kuipata. Nayataja haya mapema ili niyamalize, maana hayakunivuta wala si yatakayokuvuta wewe.

Niseme na hili mapema pia: kitabu kinakwenda polepole. Sisi tuliokulia riwaya za Kiswahili za upelelezi, tukafuatana na Willy Gamba na Joram Kiango mpaka usiku wa manane, tumezoea kwamba mtu akipotea kuna mbio. Kuna nyayo, kuna shahidi anayedanganya, kuna mlango unaovunjwa. Hapa watoto wanagawa vipeperushi, simu zinalia, mtu anasema amemwona bibi mmoja mahali fulani, wanakwenda, hayupo. Katikati ya kwenda na kurudi hakuna kinachotokea isipokuwa kukumbuka. Rafiki yangu mmoja niliyemwazima alikirudisha akiwa amefika robo tu, akaniambia, "Dada, hawa watu wanamtafuta mama yao au wanakaa wanawaza?" Nimelifikiria sana swali lake. Jibu langu ni kwamba katika kitabu hiki kuwaza ndiko kutafuta kwenyewe. Huwezi kumsaka mtu mbio wakati hujui unayemsaka ni nani.

Mama huyo anaitwa Park So-nyo. Anatoka kijijini, ana miaka 69, na amekuja mjini na mumewe kusherehekea siku ya kuzaliwa ya mume. Siku yake mwenyewe ni mwezi unaofuata, na kwa miaka kadhaa amekuwa akisema ziunganishwe tu, watoto wasisumbuke kusafiri mara mbili. Taratibu sherehe ya baba ikameza ya mama, na hakuna aliyeiulizia tena. Shin haelezi jambo hilo kwa uchungu. Analisema kwa sentensi chache na kupita, na ukishafika mbele kidogo ndipo linakurudia.

Stesheni ya Seoul imejaa watu. Mume anatangulia, anaingia ndani ya treni, milango inafungwa. Anageuka, mke hayupo.

Sehemu inayomhusu mume ndiyo iliyonikaa zaidi, na ningependa nikae nayo kidogo. Mzee huyu maisha yake yote alitembea mbele. Tangu ujana wao yeye alikwenda kwa hatua ndefu na mke akawa nyuma, akimwomba apunguze mwendo, amngoje, kuna haraka gani. Hakupunguza. Hakuwa na nia mbaya. Ndivyo alivyotembea, na ndivyo alivyoona wanaume wakitembea. Akifika mahali husimama na kungoja, mke akifika anatabasamu. Miaka zaidi ya 50 ya ndoa wamekwenda hivyo, naye daima alikuta mke amefika. Siku ile stesheni ilikuwa siku kama nyingine zote, tofauti ni milango ya treni.

Sijui msomaji wa kwetu asiyewaona hapo wazazi wake au babu na bibi yake. Baba mbele na fimbo au redio, mama hatua ishirini nyuma na mzigo kichwani na mtoto mgongoni, na njia nzima hakuna neno. Tumeiona picha hiyo barabarani mpaka haituambii kitu. Shin ameichukua akaiweka mahali ambapo gharama yake inaonekana. Mzee anarudi kijijini peke yake, anafungua mlango wa nyumba iliyopoa, na ndipo anaanza kusikia sauti ya mkewe ikimwambia ampunguzie mwendo. Hata maumivu ya kichwa ya mkewe, yaliyomtesa kwa miaka hadi akawa anapoteza fahamu na kusahau mambo, yeye aliyaona na kuyapita vilevile kwa mwendo wake.

Kuna jambo la kimtindo ambalo lazima nilitaje. Binti na baba hawasimuliwi kama "yeye" wala hawajisimulii kwa "mimi". Wanaambiwa "wewe". Ulikuwa wapi siku mama yako alipopotea? Ulikuwa China, kwenye maonyesho ya vitabu. Ulimpigia lini mara ya mwisho? Ulimkatizaje alipotaka kukuhadithia habari za kijijini? Mwanzoni inasumbua. Baadaye unaizoea sauti ile, kama shangazi aliyekuita chumbani, akakuketisha mkekani, akaanza kukutajia moja baada ya jingine bila kupaza sauti. Huwezi kuinuka. Na kwa kuwa ni "wewe", hata msomaji hana mahali pa kujificha. Kaka mkubwa peke yake ndiye anayesimuliwa kwa "yeye", na naona kuna huruma katika hilo, kana kwamba mwandishi alijua kuwa mtoto wa kwanza ana mzigo wake tayari.

Kaka huyu anaitwa Hyong-chol. Alipokuwa mdogo, baba yao aliwahi kuleta mwanamke mwingine nyumbani na mama akaondoka. Mtoto akakataa kula chakula cha yule mwanamke. Mama alipopata habari akamfuata, akamchapa kwa kususa kula, wakalia wote wawili, na mtoto akamwahidi kwamba atakuja kuwa mwendesha mashtaka wa serikali ili mama arudi. Mama akarudi. Mtoto akakua, akaenda Seoul, akafanya kazi ofisi ya mtaa akilala humo humo kwenye chumba cha zamu ya usiku. Siku moja akahitaji cheti chake cha shule haraka. Mama, ambaye hakuwahi kuujua mji ule, akapanda treni ya usiku akamletea mkononi. Wakalala sakafuni katika chumba kile cha baridi, wakigombea nani alale upande wa ukuta unaopitisha upepo.

Mwendesha mashtaka hakuwa. Akaishia kampuni ya nyumba za ghorofa, maisha mazuri tu, na mama yake aliendelea kumwomba msamaha kana kwamba ni yeye aliyemkwamisha. Siku mama alipopotea, kaka alikuwa kwenye sauna akitoa uchovu wa pombe ya usiku uliotangulia.

Sasa sikiliza jambo ambalo mwandishi analifanya. Watu wanaopiga simu kusema wamemwona bibi aliyepotea wanatoa maelezo yasiyolingana na tangazo. Tangazo linasema alivaa viatu fulani vya heshima. Wao wanasema waliyemwona alivaa kandambili za plastiki za buluu, na mguu una jeraha limeingia ndani kabisa. Watoto wanakasirika, wanaona wanapotezewa muda. Lakini Hyong-chol anapofuatilia zile sehemu anazotajiwa, anagundua kwamba ni mitaa aliyopanga yeye zamani, alipokuwa anahama chumba hadi chumba katika miaka ya mwanzo mjini. Na kandambili za buluu ndizo alizovaa mama yake alipomjia enzi hizo. Mama aliyepoteza kumbukumbu anamtafuta mwanawe katika anwani za miaka 30 nyuma, na mwanawe anamtafuta mama katika stesheni ya leo. Wanapishana. Niliposoma kurasa hizo nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo. Hakuna mpelelezi anayeweza kuifungua kesi hiyo, na hapo ndipo nilipokubaliana na mwendo wa riwaya hii.

Lingine ni suala la kusoma. Mama hakujua kusoma wala kuandika, na alilificha. Binti aliyekuja kuwa mwandishi ndiye aliyekuwa akimwandikia barua kwenda kwa kaka Seoul: mama anasema, mtoto anaandika. Na mume, baada ya mke kupotea, anapata mgeni wa kumshangaza: msichana anayefanya kazi katika kituo cha watoto yatima, ambako mke wake alikuwa akienda kwa siri kuwaogesha watoto, kuwafulia, na kupeleka sehemu kubwa ya hela alizotumiwa na wanawe. Huko kituoni mama alikuwa amemwomba msichana huyo amsomee kitabu. Kitabu hicho ni riwaya ya binti yake.

Mimi nililelewa na bibi, huko upande wa Korogwe, mama yangu akiwa Dar es Salaam akifanya kazi kwa fundi cherehani. Barua za bibi kwenda kwa mama niliziandika mimi. Nchi yetu ilikuwa imepitia ile kampeni kubwa ya kisomo: Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, katika nchi ambayo sensa ya 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba watu wazima wapatao theluthi mbili hawajui kusoma. Bibi alihudhuria, akajifunza kuandika jina lake, lakini barua hakuzimudu. Aliketi kwenye kigoda, mimi nikalala kifudifudi na daftari, akaanza kama watu wote walivyoanza: "Salamu sana. Baada ya salamu, madhumuni ya barua hii ni kutaka kujua hali yako. Sisi huku ni wazima, hofu na mashaka ni juu yako." Hapo huvuta pumzi. Kisha yanakuja ya kweli: mahindi yameliwa na nyani, deni la duka limelipwa, mtoto wako amepanda darasa. Na yapo aliyoyasema kwa sauti kisha akanyanyua kidole: hili usiliandike. Kifua kinanibana usiku, usiliandike. Nyumba inavuja, usiliandike, ataacha kazi akimbilie huku.

Nilipomaliza alitaka nimsomee. Akishasikiliza, hugusa karatasi na kidole chake kigumu, akaniuliza, "Mbona maneno yangu yote yale yameishia mistari hii michache?"

Kwa hiyo nilipofika mahali binti wa Kikorea anaandika barua za mama yake, sikuhitaji kuelezwa. Mtoto anayeandika barua ya mtu mzima anajua mambo mawili kwa pamoja: yaliyoandikwa na yaliyokatazwa. Shin ameandika riwaya nzima ya yale yaliyokatazwa. Mama yule hakuwahi kuwaambia wanawe kwamba kichwa kinampasuka. Hakuwaambia kuhusu watoto yatima. Binti anakumbuka siku alipomuuliza mama kama anapenda kukaa jikoni, na mama akashangaa swali lenyewe, maana jikoni hakukuwa mahali pa kupenda au kutopenda. Kazi ilikuwepo, ikafanywa, watoto wakala, wakaenda shule. Halafu akamwambia kitu ambacho binti hakuwahi kukijua: hasira zikimzidi alichukua mifuniko ya mitungi ya michuzi akaipasua ukutani.

Kwetu hadithi imegeuka upande. Riwaya ya Shin ni ya watoto waliohamia mjini na mama akabaki. Sisi wengi mama ndiye aliyeondoka. Walikwenda Dar, walikwenda Nairobi na Mombasa, na siku hizi wanakwenda Muscat na kwingineko Ghuba kufanya kazi za ndani, mtoto anabaki kwa bibi. Mama anakuwa sauti ya simu na begi la nguo mwisho wa mwaka. Kwa sababu hiyo naiona riwaya hii kama ya kwetu, ijapokuwa mitaa yake ni ya Seoul na chakula chake ni cha kule. Swali ni lile lile: mtu huyu tunayemwita mama alikuwa anafanya nini wakati hatukuwa tunamwona?

Mama yangu yu hai, namshukuru Mungu. Baada ya kumaliza kitabu nilikwenda kwake na maswali. Sikuyaweka yote kwa mpigo. Ni mtu wa kusema akiwa na kazi mkononi, kwa hiyo nilimkuta anachambua mchicha nikakaa nikachambua naye. Nikamuuliza alikuwa akilala wapi ile miaka ya mwanzo Dar. Miaka yote nilidhani alipanga chumba Buguruni, ndivyo alivyotuandikia. Chumba kilikuja baadaye, akasema. Kwanza alilala kwenye duka la fundi, chini ya meza ya kukatia, juu ya vipande vya vitenge vilivyobaki, na fundi alifunga mlango kwa nje kwa ajili ya usalama. Asubuhi alitakiwa awe amekunja kila kitu kabla wateja hawajaja. Alisema bila kuniangalia, akaendelea na mchicha. Nikamuuliza kama bibi alijua. "Ungemwandikia nini mtu mzima?" akanijibu. "Ningemtia presha bure."

Kumbe kila upande ulikuwa na mambo yake ya "usiliandike", na mimi nilikaa katikati na daftari.

Sehemu ya nne ya riwaya inampa mama mwenyewe sauti. Sitaeleza yupo katika hali gani anaposema, msomaji ataelewa mwenyewe katika kurasa za mwanzo. Anapita nyumba za watu wake mmoja mmoja kuwaaga. Na hapo tunakutana na mwanamume mmoja, si mume wake, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mtu wa kumkimbilia moyo ukilemewa. Si habari ya hawara. Ni urafiki ambao hauna jina zuri na ambao hakuna mtoto hata mmoja anayeujua. Wapo wasomaji waliokerwa na sehemu hiyo, wakaona inamharibia mama sifa. Mimi naona bila hiyo riwaya ingekuwa wimbo wa kumsifu mama, nazo nyimbo hizo tunazo za kutosha, tunaziimba na kumwacha jikoni. Mwandishi amempa mama kitu chake, kisicho cha mume wala cha watoto. Mwishowe mama huyu anakwenda kwa mama yake mwenyewe, kwenye nyumba aliyozaliwa, mguu ukiwa na kidonda kile kile, na anapokelewa kama mtoto. Mtu wa miaka 69 anahitaji mama. Mwanawe hata mmoja hakuwahi kuliwaza hilo.

Baada ya hapo kuna sehemu fupi ya kufungia, miezi tisa tangu mama apotee. Binti yuko Vatikani, kwa kuwa mama aliwahi kumwomba amletee rozari ya mti wa mwaridi kutoka nchi ndogo kuliko zote duniani. Anasimama mbele ya sanamu ya Michelangelo, Maria akiwa amempakata mwanawe aliyekufa. Ukurasa huo ndio unaosifiwa zaidi, na maneno ya jina la kitabu yanatoka humo. Mimi sikuuamini sana. Mama wa kijijini Korea, aliyepasua mifuniko ya mitungi na kuficha maisha yake yote kwamba hajui kusoma, nisingependa aishie kufunikwa na mama wa marumaru ambaye dunia nzima tayari inamheshimu.

Ninachokipenda katika sehemu hiyo ni barua ya mdogo wake binti huyo. Huyu ana watoto watatu wadogo. Anamwandikia dada yake kwamba hawezi. Anawapenda wanawe, lakini hawezi kuishi kama mama alivyoishi, na siku nyingine anatamani hata kuwakimbia. Anajiuliza mama aliwezaje, naye alikuwa mtu mwenye matamanio yake, na kwa nini wao watoto walimfikiria siku zote kama mtu aliyezaliwa akiwa tayari ni mama. Ni kurasa chache na hazina mapambo. Rafiki yangu yule aliyekirudisha kitabu ana watoto wawili, wa mwisho bado ananyonya. Nimempelekea tena wiki iliyopita, nimemwekea karatasi kwenye barua hiyo, nikamwambia aanzie hapo, kisha akipata nafasi arudi kwenye tangazo.